Goti si gari: hakuna mafuta yanayokauka

Siku ya soko pale Gakoromone, mjini Meru, utamwona mtu akinunua bamia ilhali kwao bamia haijawahi kuingia sufuriani. Ukimuuliza ni za nini, atainama ashike goti. Ameshauriwa azikate, azitie majini usiku kucha, na kabla ya chai ya asubuhi anywe yale maji yanayovutika kama makamasi, ili "mafuta ya goti" yaliyokauka yarudi. Hapa Embu ninakofanyia kazi mambo ni yayo hayo. Haipiti wiki bila mgonjwa kuniuliza kama aongeze kipimo cha bamia.

Mpendwa msomaji, sitaki kumcheka mtu huyo. Aliyebuni dawa hiyo alikuwa na macho mazuri. Maji ya bamia na ute ulio ndani ya goti lako ni ndugu kwa umbo, ingawa si kwa kazi. Leo nataka tuutumie undugu huo kujifunza jambo ambalo hata sisi madaktari tulilipitia mbiombio chuoni: ute wa goti hubadilisha tabia yake kulingana na mwendo wako. Ukilielewa hilo, utajua kwa nini kukaa kitako mwaka mzima hakuliponyi goti, na huenda ukaokoa pesa ambazo zingekwenda kwa sindano usiyoihitaji.

Ute wenyewe ni nini?

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, kile kitu cheupe, kilaini na kigumu kiasi unachokikuta mwisho wa paja la kuku. Kati ya gegedu la juu na la chini pana ute. Watu wengi hudhani goti limejaa ute kama injini ilivyojaa oili. La. Goti la mtu mzima mwenye afya huwa na ute ambao haujazi hata kijiko kimoja cha chai. Paracelsus, tabibu wa Ulaya wa karne ya 16, aliuona unafanana na ute mweupe wa yai, na jina la sinovia tunalolitumia hadi leo linatokana na mfanano huo.

Jaribu mwenyewe jikoni. Vunja yai, utie ule ute mweupe katika gilasi. Chovya uma, kisha uinue polepole. Ute utafuata kama uzi, uzi utakonda na mwishowe kudondoka. Sasa izungushe gilasi kwa ghafla na uisimamishe papo hapo, huku ukitazama vipovu vidogo vilivyonaswa ndani. Vipovu havisimami tu. Hurudi nyuma kidogo, kana kwamba kuna aliyevivuta kwa mpira. Maji hayafanyi hivyo. Oili ya gari haifanyi hivyo. Ute wa yai ukiuendea pole hutiririka, ukiushtua hujirudi. Ute wa goti lako una tabia iyo hiyo, na ndiyo sababu neno "mafuta" linatupotosha.

Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer, wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, walikitoa kitu kinacholeta tabia hii katika macho ya ng'ombe. Walikiita asidi ya hayaluroniki. Siku hizi huitwa zaidi hayaluronani. Ni polima, yaani molekuli ndefu iliyoundwa kwa kurudia kipande kile kile, mfano wa uzi wa shanga. Hapa shanga ni sukari za namna mbili zinazopokezana mara elfu nyingi. Mnyororo mmoja wa goti lenye afya, lau ungenyooshwa, ungefika karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Hilo laonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba tunazungumza juu ya molekuli moja, nayo ni ndefu kuliko upana wa chembe nyekundu ya damu.

Lakini minyororo hiyo haikai imenyooka. Majini hujikunja ovyo kama uzi wa sufu uliochezewa na paka. Lita moja ya ute ingekuwa na gramu 3 hivi tu za hayaluronani. Hata hivyo kila fundo hujitanua na kushika maji mengi, hata mafundo yakabanana na kuingiliana. Bamia nayo ina minyororo yake ya sukari, ya namna nyingine, na ndiyo maana maji yake huvutika.

Watoto walioshikana mikono sokoni

Fikiria watoto kumi walioshikana mikono wakipita katikati ya umati siku ya soko. Mtoto wa mbele akienda polepole, kila mmoja hupata upenyo wake, mstari hujipinda na kujinyoosha, na umati husogea bila ugomvi. Akichomoka ghafla, mikono hunyooka kabla miguu ya wenzake haijapata njia, naye huvutwa akarudi nyuma. Watoto ni wale wale na soko ni lile lile. Kilichobadilika ni muda.

Sasa turudi gotini. Unapotembea, goti hukunjwa na kunyooshwa, na ute husukumwa mbele ukarudishwa nyuma, mbele na nyuma, mchana kutwa. Swali ni hili: mnyororo ukishavutwa, je, unao muda wa kujikunja upya kabla mwendo haujageuka? Ukiwa nao, ute hutenda kama uji mzito. Hutiririka, na nguvu uliyoutilia hupotea humo humo. Tabia hiyo tunaiita mnato. Usipokuwa na muda, mnyororo hubaki umevutika, na mwendo ukigeuka huirudisha nguvu ile kama mpira wa manati. Huo ndio mnyumbuko. Ute mmoja una tabia zote mbili, na kinachoamua ipi itangulie ni kulinganisha muda wa hatua yako na muda wa mnyororo kujikunja.

Wanasayansi wamejenga mifano ya jambo hili kwa hesabu. James Clerk Maxwell wa Uskoti aliianza njia hiyo mwaka 1867. Mfano unaobeba jina lake ni springi na shokabsoba zilizofungwa moja nyuma ya nyingine (chini ya matatu hukaa kando kwa kando, na hiyo ni hesabu nyingine). Mwaka 1953 Mmarekani Prince Rouse aliuwaza mnyororo kama shanga zilizounganishwa kwa springi, huku maji yakizitikisa. Mwaka 1956 Bruno Zimm akaongeza kwamba shanga moja ikisogea huvuta maji, na maji hayo yakazisukuma shanga nyingine. Kisha mwaka 1971 Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alishughulikia minyororo iliyosongamana. Mnyororo katika msongamano, alisema, hauwezi kwenda kando. Hupenya kwa kufuata urefu wake, kama nyoka chini ya majani ya chai. Alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1991.

Utaniuliza, daktari wa Embu ana kazi gani na shanga na nyoka? Kazi ninayo, nayo ni hii. Chukua mnyororo uukate katikati. Ungedhani muda wa kujikunja utapungua kwa nusu. Kwa hesabu ya Rouse unabaki robo. Na kwa minyororo iliyosongamana, vipimo vya maabara huonyesha kwamba muda hupungua hadi karibu sehemu moja ya kumi. Sukari haijapungua hata chembe, ni ile ile kwa uzito, lakini ute umegeuka kuwa kama maji. Kwa hiyo ubora wa ute wa goti hauko katika wingi wake. Uko katika urefu wa minyororo, na kitu chochote kinachoikata hata kidogo huleta hasara kubwa.

Hili limepimwa pia kwa ute wa binadamu. Matone machache huwekwa kati ya visahani viwili, kisahani kimoja hutikiswa kwenda na kurudi, na mashine husoma nguvu. Nguvu ikipanda sawia na umbali wa kusogea, ute unatenda kama springi. Ikipanda sawia na kasi, unatenda kama majimaji. Endre Balazs, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alivifanyia kazi sana vipimo hivi katika miaka ya 1960 na 1970. Katika ute wa vijana wenye afya, mtikisiko wa pole ulionyesha mnato, na ule wa kasi ya kukimbia ulionyesha mnyumbuko. Kwa wazee mnyumbuko ulikuwa hafifu zaidi. Kwa wenye goti lililolika ulikuwa hafifu zaidi ya hapo.

Mwanafizikia akisoma haya atasema nimerahisisha, na ana haki. Ute haufanyi kazi peke yake. Kuna protini iitwayo lubrisini inayoteleza juu ya gegedu, na mzigo wenyewe hubebwa na gegedu na misuli. Lakini kwa mazungumzo yetu ya leo yatosha.

Goti lililojaa, si lililokauka

Cucu mmoja kutoka upande wa Kianjokoma aliletwa kwangu na mwanawe. Alikuwa amechuma chai miaka mingi, akishuka na kupanda mabonde yale na kikapu mgongoni. Goti la kulia lilikuwa limevimba. "Daktari, limekauka," akaniambia, na kwa sababu hiyo alikuwa hajatoka nje ya boma miezi mitatu, akingoja "mafuta" yajirudie. Paja lake lilikuwa limesinyaa hata nikaweza kulizungusha vidole vya mikono yangu miwili.

Nilivuta majimaji kwa sindano safi, baada ya kuisafisha ngozi vizuri. Yalijaa bomba zima. Nikamwonyesha: "Cucu, goti hili halikukauka. Limefurika." Kisha nikafanya jambo ambalo madaktari wamelifanya tangu zamani, nikaacha majimaji yadondoke kutoka ncha ya bomba. Ute wa goti lenye afya huteremka kama uzi mrefu, karibu urefu wa kidole, kabla ya kukatika. Wake ulidondoka tone, tone, tone, kama maji ya bomba bovu.

Sababu yake sasa unaijua. Goti likipata mchochota, yaani ile hali ya kuvimba na kupata joto, maji ya damu huvuja na kuuzimua ute. Wakati huo huo kemikali kali zinazotolewa na chembe za mwili huishambulia minyororo na kuikatakata. Ute umezidi kwa wingi na umefilisika kwa urefu. Kumwongezea mtu huyo majimaji si dawa. Dawa ni kuutuliza mchochota, na kabla ya hapo kujua umeletwa na nini.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Majimaji yale hayakuishia kwenye uzi na tone. Yalipelekwa maabara, kwa kuwa jicho haliwezi kutenga mchochota wa kawaida na viini vya maradhi. Nakumbuka kijana mmoja wa bodaboda aliyedungwa goti katika chumba cha nyuma na mtu aliyejiita daktari. Siku ya tatu alikuwa na homa, goti jekundu na la moto, na hakuweza kulikunja hata kidogo. Alikuwa amemeza vidonge vya maumivu akisubiri. Ndani ya goti mlikuwa na usaha. Usaha huharibu gegedu kwa siku chache tu, na gegedu la mtu mzima likishaharibika halioti tena kama lilivyokuwa. Yeye alipona, lakini hutembea akichechemea. Goti likivimba ghafla, likiwa la moto, nawe una homa au huwezi kulikanyagia, nenda hospitali siku iyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki, wala usimruhusu mtu alipake dawa na kulikanda.

Sindano, supu na bamia

Kuna sindano za hayaluronani yenyewe zinazodungwa ndani ya goti. Wazo lake ni zuri, maana ni kurudisha minyororo mirefu palipobaki mifupi. Marekani iliziruhusu mwaka 1997. Tabu ni kwamba mwili huivunja hayaluronani ya gotini na kuitengeneza upya kila mara, nyingi yake ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo ute wa kuongezwa haukai sana. Mwaka 2022 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi uliokusanya majaribio mengi pamoja. Nafuu ya maumivu ilikuwa ndogo mno kuweza kumfaa mgonjwa, na madhara makubwa yalionekana zaidi kwa waliodungwa. Wapo wenzangu wanaozitumia kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa, nami siwabishii. Lakini ukiambiwa uuze mbuzi wawili ili goti "lipakwe mafuta", omba kwanza maoni ya daktari wa pili.

Sindano ya steroidi hutuliza mchochota kwa wiki kadhaa, na kuna wakati naitumia. Si ya kurudiarudia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliodungwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya wenzao waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua kuwazidi.

Supu ya miguu ya ng'ombe ni chakula kitamu. Bamia ni mboga nzuri, hasa ikikaangwa na nyanya na kitunguu. Ila minyororo ya bamia ni mirefu mno kupenya ukuta wa utumbo ikiwa mizima. Huvunjwavunjwa na bakteria huko chini, wala hakuna mfereji unaotoka tumboni kwenda gotini.

Na baridi je? Jina letu la baridi yabisi limetufanya tuulaumu ukungu wa Julai. Ni kweli ute ukipoa huwa mzito kidogo, na asubuhi ya baridi goti lililolika hulalamika. Lakini baridi haili gegedu. Goti lililolika hukaza asubuhi kwa dakika chache, kwa kawaida chini ya nusu saa, kisha hulegea ukitembea. Likikaza saa nzima au zaidi kila asubuhi, na vidole vya mikono navyo vimevimba, huenda ni ugonjwa wa mchochota wenye dawa zake maalumu. Uwahi kabla viungo havijapinda.

Mwendo ndio wenye kazi

Utando unaozunguka goti ndio unaotengeneza hayaluronani, na majaribio kwa sungura yameonyesha kwamba kukikunja na kukinyoosha kiungo huufanya utando huo utoe zaidi. Gegedu nalo halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute unaosukumwa kuingia na kutoka kila unapokanyaga na kuinua mguu. Goti lisilotembea hulala njaa.

Kwa hiyo cucu wa Kianjokoma, baada ya mchochota kutulia, nilimpa kazi. Kila asubuhi kabla ya kukanyaga chini huketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, na kuubembea mguu mbele na nyuma polepole kwa dakika tatu au nne. Kisha hukaa kitini, hunyoosha goti, huuinua mguu ukiwa umenyooka na kuhesabu hadi tano, mara kumi, kila mguu, ili msuli wa paja urudi. Baada ya hapo hutembea mahali tambarare, dakika kumi kwanza, akiongeza kidogo kila wiki. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande usiouma, jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya kinyume. Kuteremka mlima hulichosha goti lililolika kuliko kupanda, basi kwenye mteremko mkali nilimwambia aende mshazari, bila mzigo mgongoni.

Uzito wa mwili sikumgusia yeye, kwa kuwa ni mwembamba. Wewe unayeketi ofisini huenda unakuhusu. Utafiti wa mwaka 2005 huko Marekani ulikuta kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene mwenye goti lililolika hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Na ukisafiri kwa matatu kutoka Nairobi hadi Meru, usikunje goti safari nzima. Linyooshe chini ya kiti cha mbele kila baada ya muda, na gari likisimama Embu, teremka utembee.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakizidi na kuendelea hadi kesho yake, au goti likivimba tena, punguza zoezi kwa nusu na umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Ukija, njoo na vidonge vyote unavyomeza vikiwa katika paketi zake, pamoja na vile ulivyonunua dukani bila cheti. Vingi ni vya aina moja yenye majina tofauti, na ukivichanganya, figo na tumbo ndivyo vitakavyoumia.